Eda ya Kuruthumu

Mwaka ule wa tisini na saba, kila mashua kutoka Zaire ilipowashusha wakimbizi Ujiji, Kuruthumu aliwaacha dagaa wake mchangani akaenda na sufuria ya uji. Watu walimsifu kwa huruma yake. Ni wifi yake Nasra tu aliyejua kwamba kabla ya kumpa mwanamume yeyote kikombe, Kuruthumu alimchungulia kwanza usoni.

"Wifi, kaka yangu alikwenda Uganda," Nasra alimwambia siku moja. "Hawa wanatoka Zaire. Utamtafuta mpaka Misri?"

"Vita ikishammeza mtu, nani ajuaye itamtemea wapi?"

Chande, mumewe, alikwenda vita vya Kagera, na hakurudi kutoka Lukaya, kule Uganda, mwaka wa sabini na tisa. Haikuletwa maiti, halikuletwa neno. Marselino wa Rusimbi, aliyekuwa naye kikosi kimoja, miaka yote alisema jambo lile lile: "Giza lilikuwa giza, shemeji. Tulipotezana matopeni." Basi Kuruthumu hakukaa eda. Hakuvaa nyeupe wala hakujifungia ndani zile siku ambazo dini imemwekea mjane. Alibaki mke wa mtu. Kila Idi aliipiga pasi kanzu ya Chande, akaitundika tena.

Machi hiyo wazee waliopigana Lukaya wakaamua kuiadhimisha siku ya pambano lile katika uwanja mmoja pale Rusimbi. Kila mjane angeitwa aweke ngao chini kwa jina la mumewe, kama wawekewavyo mashujaa.

"Nikiiweka, nimemzika," alisema Kuruthumu.

"Na usipoiweka, kaka yangu atakaa bila hitima mpaka lini?"

Akaenda, ila akakaa nyuma kabisa, kati ya wakimbizi waliokuja kutazama. Jina la Chande likasomwa. Likasomwa tena. Nasra akamfinya. Kuruthumu hakuinuka.

Mgambo wakainua bunduki, wakapiga hewani kuwaheshimu waliokufa. Hakuna aliyekuwa amewaambia wakimbizi. Wote wakajitupa chini, akina mama wakiwalalia watoto wao. Na kule mbele, katika mstari wa wazee, Marselino naye alikuwa chini, medali zake vumbini, mkono mmoja ukikandamiza hewa kando yake kama anayemzuia mtu.

"Chande, lala! Usiinuke! Chande!"

Kisha akajiinua, akaketi. Akawa anapangusa uso kwa kiganja, anapangusa tena na tena, na uso ulikuwa mkavu.

Kuruthumu alipita juu ya watu waliolala, akapiga magoti mbele yake.

"Shemeji. Aliinuka?"

Marselino alikawia kumtambua. "Aliinuka."

"Alisema kitu?"

"Hakuwahi."

Kuruthumu akainuka, akaenda ziliko ngao. Akaichukua ya Chande, akailaza chini, akarudi Ujiji kwa miguu bila kumuaga mtu.

Nasra alimkuta sebuleni, amekaa mkekani, amejitanda shuka jeupe.

"Wifi," alisema taratibu, "masheikh watakwambia eda huhesabiwa tangu siku mtu alipofariki. Yako ilishapita zamani."

"Ilipita," Kuruthumu alisema. "Mimi sikuwemo."

Nasra akafunga mlango, akaketi, na kwa mara ya kwanza wakamlilia Chande.