Mpira Ulioziba Ndiva

Enzi zetu, enzi ya Mwingereza, maji hayakuruhusiwa kuzama ardhini kabla hayajafanya kazi nne. Vijana wa siku hizi wenye suruali za bugaluu wakisikia hivyo wanacheka, wanadhani natia chumvi. Waulizeni wenzangu tuliosoma pamoja kule milimani, juu ya Maore. Maji yaliyoosha maharage yaliosha mikono, ya mikono yakaosha miguu, ya miguu yakaenda kwenye kabichi. Vibao vya kuandikia tulifuta kwa mate na kiwiko, ndiyo maana kiwiko changu cha kulia ni kigumu hadi leo.

Na taka? Taka hazikuwepo. Maganda ya ndizi yaliingia shimo la mboji, magunzi yalichochea moto wa makande, na daftari likijaa karatasi zake zilifungia chumvi. Mwalimu wetu Yeremia, mtu mwembamba mwenye jozi moja ya soksi za kwendea kanisani, alikuwa akisema, "Mpare hatupi kitu, anakihamisha tu."

Wazee wa mfereji walikuwa wameipa shule zamu moja kwa wiki, Alhamisi, asubuhi hadi saa sita. Kwa hiyo Jumatano jioni mwanafunzi wa zamu aliziba tundu la ndiva, bwawa letu dogo la kukingia maji, kwa kigogo cha mgomba kilichokandikwa udongo wa mfinyanzi. Asubuhi tunazibua, maharage yanakunywa, nasi tunapata cha kula mchana.

Zamu yangu iliangukia wiki ambayo mvua ilikuwa imegoma na maharage yametoa maua. Mwalimu akatangaza mstarini, "Atakayetupotezea maji ya wiki hii achukue kibao chake, aende kwao." Mwingine angerudi kwao akale ndizi. Mimi baba alikuwa ameshaniambia, "Siku wakikurudisha, usipite hapa nyumbani. Shuka moja kwa moja tambarare kwa mbuzi." Mbuzi nilikuwa nawajua. Sikuwataka.

Jumatano ile tulicheza mpira. Nilifunga magoli matatu, sisemi kwa kujisifu, mliokuwepo mnajua. Nilipokumbuka ndiva, jua lilikuwa limeshaegemea mlima, kigogo kimeoza, na udongo uko bondeni kijitoni. Nikaangalia tundu. Nikaangalia mpira wetu wa matambara na majani makavu ya mgomba. Upana ule ule. Nikausukumiza kwa kisigino mpaka ukakaa.

Asubuhi ndiva imejaa mpaka mdomoni. Siku zote ilikuwa ikivuja, leo hata tone.

"Nani ameziba?" akauliza mwalimu.

"Mimi, mwalimu."

"Umeziba kama fundi. Haya, zibua."

Hapo ndipo niliposhikwa. Kigogo kina mti wa kukivutia, mpira hauna mkia, tena ulikuwa umelowa ukavimba. Wavulana wa darasa la nne wakachokonoa kwa miti, wapi. "Naftali," mmoja akaninong'oneza, "ukifika kwa mbuzi umsalimie beberu." Jua linapanda, na ikigonga saa sita maji si yetu tena, ni ya wakulima wa chini. Nikavua shati, nikajitosa, nikauchimba ule mpira kwa kucha mpaka kamba yake ikakatika.

Maji yakatoka yakinguruma kuelekea kwenye maharage, na matambara yakafuata moja moja: upande wa kanga, mguu wa kaptula, na mwisho kabisa soksi ya kijivu.

Mwalimu akaiokota. Akaikamua, na maji yake akayakamulia shina la haragwe.

"Naftali, hii uliipata wapi?"

"Kwenye taka, mwalimu."

"Kumbe taka zangu naanika kwenye kamba?"

Shule nzima ilicheka, mwalimu naye akageuka kutazama mlima. Kisha akasema, "Kwenu huendi. Utaziba ndiva hii kila Jumatano mpaka umalize darasa la nne. Kwa udongo."

Nikaziba. Darasa la nne nikamaliza, shule yangu ikaishia hapo, lakini mikono ilikuwa imeshahitimu. Matangi ya saruji kuanzia Same mjini hadi Gonja mengi ni kazi yangu, na hakuna linalovuja. Wahandisi wenye vyeti huja kuniuliza, nami huwajibu nimekaa.

Mwezi uliopita nilipita pale shuleni. Ndiva imeota magugu. Siku hizi kuna bomba, nalo lilikuwa linatiririka ovyo, watoto wanaliruka tope lake wakikimbiza mpira wa ngozi.

"Mwanangu, funga maji," nikamwambia mmoja.

"Shikamoo mzee. Limeharibika, tunamsubiri fundi."

Fundi ndiye mimi, ila vifaa nilikuwa nimeviacha Same. Nikautazama mpira wao. Mzuri, unang'aa, wala sisi hatukuwahi kuuota. Lakini hauzibi kitu. Nikakaa juu ya jiwe, nikavua kiatu, kisha nikavua soksi.