Uvundo wa Pipa la Tatu

Niliwahi kuinusa glasi ya mvinyo uliokuwa unanuka uvundo, kama gunia lililolala kwenye maji, nikausifu mbele ya wafanyakazi wenzangu.

Nikasema, "Huu uko safi. Changanyeni."

Sikuwa nimelewa. Sikuwa nimehongwa.

Ukweli ni kwamba sikunusa kitu. Pua yangu ilikuwa imekufa wiki kadhaa, na sikuwa nimemwambia mtu.

Naitwa Filomena. Mimi ni mtu wa Dão, huku milimani Ureno, na kazi yangu ilikuwa kuonja mvinyo kwenye ghala la bosi wangu, Dona Eulália, yaani Bi Eulália. Mimi ndiye niliyesema pipa hili lichanganywe na lile, kiasi gani, na mvinyo ulazwe miaka mingapi kabla ya kufunguliwa.

Januari ile nilishikwa na mafua makali. Nikapona. Asubuhi nikapika kahawa, nikainamisha uso kwenye kikombe.

Hola.

Hakuna harufu. Nikanusa sabuni. Hola. Nikaponda kitunguu saumu, nikakisogeza puani. Hola!

Ningesema? Mume wangu alishafariki, binti yangu Odete alikuwa chuoni Coimbra anasomea uuguzi. Muonjaji asiyenusa ni sawa na dereva asiyeona. Nikauchuna. Nikajipa moyo kwamba ulimi bado ninao, na daftari langu la miaka ya nyuma ninalo. Nitabahatisha.

Machi tukaanza kuchanganya. Zabibu za Touriga za kutia nguvu, za Alfrocheiro za rangi, za Jaen za kulainisha. Mvinyo mkavu, usio na hata chembe ya utamu wa sukari, wa kulazwa miaka.

Muosha mapipa wetu, Abílio, mtu mzima aliyefanya kazi miaka ishirini na mbili pale ghalani, akaniletea glasi.

"Dada Filomena, hili la tatu silielewi. Hebu linuse vizuri."

Nikanusa kwa mbwembwe zote. Nikazungusha glasi, nikafumba macho, nikaonja. Ulimini ukali ulikuwa sawa, na ule ukavu wa kukamata fizi ulikuwepo.

"Mzee Abílio, pua yako imezeeka," nikamtania. "Huu uko safi. Changanyeni."

Watu wakacheka. Abílio naye akacheka, kidogo.

Pipa la tatu likamwagwa kwenye tangi kubwa pamoja na mengine kumi na moja.

Wiki tatu baadaye akaja mnunuzi kutoka Viseu. Akainua glasi, akaishusha kabla haijagusa mdomo.

"Dona Eulália, uniwie radhi. Huu unanuka kama chumba kilichofungwa na maji ndani."

Dona akanusa. Uso ukambadilika.

Mapipa yakakaguliwa moja moja. La tatu lilikuwa na ukungu kwenye mbao.

"Nani aliliosha hili?"

"Mimi," Abílio akasema.

Halafu akanigeukia. Akanitazama.

Nilitakiwa kusema maneno matatu: aliniambia, mimi sikunusa.

Nikatazama viatu vyangu.

Abílio akamwaga unga siku hiyohiyo.

Kuelekea mavuno ya Septemba pua ikaanza kurudi. Kwanza petroli, kisha sabuni, kisha zabibu zilizopondwa. Kazi ikanikubali tena, watu wakanisifu, na kila sifa ilinichoma. Nikimwona Lucinda, mke wa Abílio, sokoni, nilibadilisha njia.

Dona alikuwa amekataa mvinyo ule umwagwe wote. Akabakiza chupa sitini. "Tuzilaze," alisema. "Labda muda utausaidia."

Jamani, nikaziombea zile chupa kama mtu anavyomwombea mgonjwa. Nilijiambia, uvundo ukiisha, basi hapakuwa na kosa.

Miaka sita ikapita. Oktoba iliyopita tukafungua ya kwanza.

Rangi ilikuwa imeiva, pembeni imeanza kugeuka kama tofali. Ulimini ulikuwa umetulia, laini mpaka unataka kulia. Halafu nikanusa.

Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuunusa. Kumbe hicho ndicho alichokinusa Abílio! Hata mtoto angekijua.

Nikaweka glasi chini, nikachukua koti, nikapanda mlima kwenda kwake.

Nilimkuta anapanga kuni uani. Lucinda akaleta mkate wa mahindi na jibini, akakaa nasi.

"Mzee Abílio, siku ile mimi sikuwa na pua..."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba ulikuwa hunusi. Wiki moja baada ya kuchanganya, maharage yaliungua jikoni pale ghalani, harufu mpaka barabarani. Wewe umesimama kando ya sufuria unauliza, 'Vipi, yameiva?'"

Lucinda akaacha kukata jibini.

"Sasa mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Nani angemwamini muosha mapipa?" Akaweka gogo juu ya lenzake. "Halafu nilijua utasema mwenyewe. Siku ile nilitoka polepole, Filomena. Nikasema, ataniita. Nilipofika getini nikainama, nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nikazifunga mara mbili."

Nikalia. Hakunibembeleza.

Lucinda ndiye aliyezungumza, na hakuwa anazungumza na mimi.

"Miaka sita nakuita mzembe, Abílio. Mezani. Mbele ya wakwe zetu. Na wewe kimya?"

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Kesho yake nilimwambia Dona Eulália kila kitu, wakati wa chakula cha mchana, mbele ya wafanyakazi wote. Akaniambia niache funguo za ghala mezani. Kisha akapanda mwenyewe kwa Abílio kumwomba radhi na kumrudisha kazini. Abílio akakataa, mgongo umechoka. Akaomba kitu kimoja tu: Dona arudie maneno yale kwa sauti, Lucinda asikie.

Ndugu yangu unayesoma hapa, kama kuna mtu amebeba kosa lako, kaseme leo. Usingoje muda ukusaidie. Abílio ananiambia hana kinyongo na mimi, na ninamwamini. Lakini ile miaka sita ambayo Lucinda alikula meza moja na mumewe akimdharau, sijui nitawarudishiaje.