Daktari wa Moyo Anayetazama Midomo

Daktari wa moyo huzima feni kabla ya kusikiliza kifua cha mtu, na akisikiliza hufumba macho. Mume wa mgonjwa, aliyemleta mkewe mwenye moyo mbovu kwa homa isiyokatika, alidhani amesinzia. Kisha daktari akazikagua kucha za mwanamke yule moja baada ya nyingine, akitafuta vistari vya damu, akasema kwa sauti yake ya chini, "Dada, hebu fungua mdomo."

"Mdomo tena?" mume akadakia. "Sisi shida yetu moyo."

"Shemeji, wadudu wa homa hii walipitia huku." Aliliona gego lililooza. Bakteria, alieleza, hutoka kwenye ufizi kama ule wakaingia kwenye damu. Wakikuta vali ya moyo, kile kilango cha damu, yenye kovu hunata hapo, huzaana na kuitafuna. "Mbona halikung'olewa?"

"Chumba cha meno walisema wanauogopa moyo wake, twende kwenu. Huku kwenu tukaambiwa meno hayawahusu."

Daktari huwa hapazi sauti, na hata hapo hakupaza, ila masikio yalimwiva kwa hasira. Alitoa mwenyewe damu ya kupimwa, akaagiza dawa ya mshipani, ndipo akapiga simu chumba cha meno. "Njooni mumsikilize mliyemwogopa. Nawaita na wenzangu wa huku. Kila mmoja ataweka sikio kifuani mwake, asikie vali inavyovuja kwa uzembe wetu."

"Nitapona, daktari?" mgonjwa akauliza.

"Bakteria tutawaua, dada," akajibu, bado ameshika simu. "Ila palipoliwa hapaoti tena."