Neno Ploti kwenye Fomu ya Reti

Niliiandika ile fomu mara tatu kwenye karatasi ya mazoezi kabla ya kugusa fomu yenyewe. Ndivyo nilivyo. Sikwenda chuo. Karibu kila ninachojua nimekisoma kwenye simu, na kwa sababu hiyo naogopa kukosea kuliko mtu aliyefundishwa darasani. Nilipima ardhi ya mama kwa tepu, pembe hadi pembe, kisha nikaipima tena kwa kuwa mara ya kwanza tepu ilikuwa imenasa kwenye mbaazi.

Kaunti ilikuwa inatengeneza daftari jipya la thamani, lile linalotumika kukadiria reti, kodi ambayo mwenye ardhi hulipa kila mwaka. Swali la sita liliuliza: Ploti hii inatumika kwa shughuli gani? Nikaandika kwa herufi kubwa, nikafuata mstari kwa rula: BIASHARA.

Kwetu Kyumbi, ukisema ploti unamaanisha vyumba vya kukodisha vinavyotazama barabara. Vyetu ni vitatu: duka la mama, stoo yake, na chumba cha fundi wa nguo, mpangaji wetu wa pekee. Nyuma yake kuna nyumba tunayolala, na hiyo tunaiita musyi, nyumbani. Nyuma ya nyumba ni shamba. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuziita mbaazi ploti.

Daftari lilipowekwa wazi ili watu walikague, nilikwenda Machakos mjini kulitazama. Nakiri nilikwenda kwa kiburi kidogo, kama mwanafunzi anayejua amepita. Nikatafuta namba yetu. Mstari ulisema kwamba ardhi yote, kuanzia barabarani hadi mwisho wa shamba, ni ya biashara. Thamani iliyoandikwa pembeni ingemfaa mwenye kituo cha mafuta. Ilibidi karani aniulize mara mbili kama nataka maji.

Nilielewa papo hapo. Kwa kaunti, ploti ni kipande chote cha ardhi. Mimi ndiye niliyekuwa nimeigeuza musyi na shamba kuwa duka.

Njiani nilipanga maneno ya kumwambia mama. Nilipofika alichukua simu yangu, akaitazama picha niliyoipiga ya ule mstari, akaketi polepole juu ya kreti ya soda.

"Ni ile rangi," akasema.

Fundi alikuwa amepaka ukuta wake wa mbele rangi ya kijani miezi michache kabla, kwa pesa zake mwenyewe.

"Alisema rangi itaita watu," mama akaendelea. "Haya, imeita kaunti."

Sina namna ya kulipamba jambo hili. Nilikuwa na maneno yote tayari, na nilipoona kosa limepata mtu mwingine wa kulibeba, nikayameza.

Jioni hiyo mama alimwambia fundi kwamba mwezi ujao kodi ya chumba itakuwa mara mbili.

"Mwaitu, hiyo pesa mimi naitoa wapi? Kwa vifungo?" akauliza fundi, akimwita mama kwa Kikamba.

"Uliza rangi yako."

"Sasa nikishindwa?"

"Ukishindwa, chumba kitapata mwenye anaweza."

Asubuhi nilimkuta fundi akisugua ukuta kwa brashi ya chuma, kitambaa kimefungwa puani. Aliamini kwamba rangi ikitoka, thamani itashuka na chumba kitabaki chake.

"Profesa wa simu," akaniita, "wewe ndiyo unajua hii mambo ya serikali. Ikitoka yote, si watapunguza?"

"Sijui," nikasema.

Nilijua rangi haikuwa na hatia. Nilikwenda stoo nikaandika barua ya pingamizi kwa kaunti, kimya kimya, nikisahihisha nukta na mikato, huku nikisikia brashi upande wa pili wa ukuta. Alisugua siku mbili.

Wiki iliyofuata kaunti ikamtuma mthamini, mwanamke mwenye faili kwapani na viatu vya shamba. Mama alimpeleka moja kwa moja kwenye ule ukuta.

"Tazama, tumetoa."

"Mmetoa nini, mama?"

"Rangi."

Mthamini alianza kucheka, kisha akaona hatucheki. "Mama, sisi hatupimi rangi. Hata jengo hatulihesabu. Tunathamini ardhi kama haina kitu juu yake, halafu tunaangalia inatumika kwa kazi gani."

Mama aliigeukia nyumba yake, ile aliyoijenga chumba kimoja kimoja. "Haina kitu? Kwani mimi nalala kwa hewa?"

"Unalala kwa nyumba, mama. Lakini hapa mliandika yote ni biashara." Akafungua faili, ikatokea fomu yangu. "Tena imeandikwa vizuri sana. Wote wangeandika hivi, kazi yetu ingekuwa rahisi. Hii mwandiko ni ya nani?"

"Ni wangu," nikasema.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni pake. Mama hakupaza sauti.

"Ulijua lini?"

"Siku ile nilienda kuangalia daftari."

Mthamini alitazama viatu vyake. Akasema tuandike upya, tutenganishe sehemu ya biashara na sehemu ya makazi na shamba, naye atapendekeza daftari lirekebishwe. Baadaye kweli lilirekebishwa. Mbele tu ndiko kulikobaki biashara.

Alipoondoka, mama alipiga hatua chache hadi kwa fundi. Sijawahi kumsikia mama akimwomba mtu radhi, hata kanisani.

"Kodi ni ile ya zamani," akasema. "Nisamehe. Nilikuonea."

"Nimeshalipa dipositi ya chumba kingine huko Katelembo, mwaitu. Jana."

"Waambie wakurudishie."

"Wameshanipa kifunguo." Kisha akanitazama mimi. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwenye viungo. "Wewe ulinipata hapa nikisugua. Nikakuuliza."

Alihama Jumamosi. Nilishika upande mmoja wa cherehani ili nimsaidie kuipakia kwenye mkokoteni. Akauondoa mkono wangu taratibu, bila hasira, akamwita mama aje ashike.