Chai Isiyo na Vijiti

Kiwanda cha chai hunuka kabla hakijaonekana. Lori lilikuwa bado linapanda mlima ndani ya ukungu, nami nimebanwa kati ya mume wa shangazi, aliyekuwa dereva, na mlango usiofunga vizuri, harufu ilipoingia: majani mabichi yaliyopondwa yakaanza kuchacha, na utamu wake unaokaribia uozo, kama ulanzi, ile pombe ya mianzi, uliolala kwenye kibuyu. Nyumbani kwetu ulanzi haukunywewa, lakini mtoto wa Iringa aliujua kwa pua, maana uliuzwa kando ya njia zote za kwenda sokoni. Nyuma ya harufu hiyo ikaja ya moshi wa kuni, kisha ile ya vumbi kavu la chai, niliyoizoea dukani kwa baba. Nikafurahi. Nilijiona nimefika kwa ndugu.

Ilikuwa likizo ya mwisho wa mwaka, katikati ya miaka ya hamsini, na mvua zilikuwa zimeshika. Baba alikuwa mwenye duka Iringa mjini. Babu yake alipanda huku kutoka pwani kwa biashara, akaoa, akabaki. Baba aliuza sukari, mafuta ya taa, khanga na kaniki, lakini watu walimjua kwa chai, aliyoipima kwa mizani ya shaba na kuifunga kwenye gazeti lililokunjwa mfano wa pembe. Wateja wake walitaka chai safi, na safi mtaani kwetu ilikuwa na maana moja: isiyo na vijiti. Vijiti ni vipande vya vikonyo ambavyo mashine haikuvisaga. Havina sumu wala haviharibu ladha. Tatizo lake ni kwamba majani mazuri hutuama chini ya birika, vijiti huelea, na kijiti kikielea kwenye kikombe cha mgeni mwenye nyumba huona haya. Chujio lilikuwapo katika kila nyumba, ila kulitoa mbele ya mgeni ilikuwa sawa na kumtangazia kwamba umenunua chai ya hovyo. Hivyo tulimimina taratibu, birika likiwa limeinama kidogo tu, huku kila mtu akikitazama kikombe.

Siku chache kabla ya safari yangu, jirani yetu Mama Halima aliingia dukani na pakiti yake ya gazeti, akaifungua juu ya meza.

"Bwana, hebu nikuulize. Jana uliniuzia chai au fagio?"

Waliokuwa dukani walicheka. Baba hakucheka. "Niachie mimi, dada yangu. Hii nitawarudishia wenyewe. Tukinyamaza, kesho watatuletea kuni."

Na kweli alizunguka kwa wenye maduka wenzake, akawaambia mnunuzi asiposema hataheshimiwa. Masanduku ya chai yakafungwa upya ili yarudi kiwandani kwa lori litakalofuata baada ya lile nililopanda mimi, kila moja likiwa na alama ya mwenyewe kwa chokaa. Alama ya baba ilikuwa duara lenye nukta katikati. Nilimwona akiichora, nikajivuna kuwa na baba asiyeonewa.

Nyumba ya shangazi ilikuwa karibu sana na kiwanda, na kwa kuwa sikuwa na kazi, niliingia humo kila nilipopata nafasi. Nilitaka kujua kila kitu kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Juu darini majani yalitandazwa yanyauke. Chini mashine ziliyasokota mpaka sakafu ikatetemeka. Halafu yaliachwa yachache, yakakaushwa, yakachekechwa. Mwisho kabisa kulikuwa na chumba kirefu kisicho na mashine. Hapo walikaa watoto. Walikaa sakafuni juu ya magunia, miguu wameinyoosha, mbele yao chai kavu imetandazwa juu ya kitambaa cheupe, wakichomoa vijiti kimoja kimoja. Vumbi lilikuwa jingi kiasi kwamba mwanga wa dirishani ulionekana kama ubao ulioegemezwa ukutani. Walikohoa kwa zamu, bila kuinua vichwa. Nilimuuliza mnyapara kwa nini hawakuwekwa watu wazima. Alinionyesha mkono wake mwenyewe, vidole vinene kama mihogo. "Hivi vitashika nini, binti?"

Yustina alikaa karibu na mlango. Alikuwa wa umri wangu, Mbena, mama yake alichuma chai shambani na walikaa chumba kimoja kambini. Kucha zake zilikuwa nyeusi kama za mtu aliyemenya ndizi mbichi. Tangu siku ya kwanza alinisalimu Kibena na kunitania kwa viatu vyangu.

"Kamwene, wa mjini. Hivyo viatu vinakuvaa wewe au wewe unavivaa?"

Yeye mwenyewe alikuwa akisubiri safari. Masista walikuwa wamempa nafasi katika shule yao ya bweni, na mume wa shangazi alikubali kutupeleka sote wawili kwa lori, mimi nirudi nyumbani, yeye ashushwe shuleni siku ya kufungua. Mnyapara alikuwa ametoa ruhusa kwa sharti moja: chai iliyokuwapo imalizike kuchambuliwa. Yustina hangeweza kuondoka bila ruhusa, kwa sababu mama yake angefukuzwa kazi, na asiye na kazi hakuwa na chumba kambini. Kwa hiyo alichambua kwa haraka ya ajabu, mikono miwili kama kuku anayedonoa, na kila jioni alinionyesha lundo lilivyopungua. Alishafunga vitu vyake katika kaniki ya mama yake. Alishajifunza hata jinsi ya kumsalimu sista mkuu, akanifanyia mazoezi mimi, nami nikamwitikia kwa sauti ya puani mpaka mnyapara akatufukuza.

Lundo lilikwisha asubuhi, siku moja kabla ya safari. Nilikuwapo. Yustina alikung'uta kitambaa chake, akakikunja, akamkabidhi mnyapara. Mchana lori likaja kutoka mjini, likarudi nyuma hadi mlangoni, na wanaume wakaanza kushusha masanduku.

"Mabwana wa Iringa wamekataa chai," mnyapara alisema. "Wameona vijiti. Kaeni chini. Inarudiwa yote."

Sanduku la kwanza lililofunguliwa lilikuwa na duara lenye nukta katikati. Chai ikamwagwa juu ya kitambaa kilichokuwa kimetandazwa upya, na Yustina akakaa mbele yake. Nilimwambia kwamba ile alama ni ya baba yangu. Sijui nilidhani kutasaidia nini; pengine nilidhani jina la baba lingeweza kuifanya chai irudi ndani ya sanduku. Hakukasirika. Aliniuliza kama mtu anayetaka kujua tu.

"Kwenu hamna chujio?"

Niliondoka kesho yake peke yangu. Kaniki yake ilibaki imefungwa. Kazi ile ilichukua muda mrefu, na mume wa shangazi alipompitia tena, shule ilikuwa imeshafunguliwa na nafasi yake amepewa mwingine. Huyo mume wa shangazi ndiye aliyetuletea habari hizo dukani, pamoja na shehena ya chai ile ile, safari hii bila kijiti hata kimoja. Mama Halima aliipitisha kiganjani akasema, "Ehe. Hii ndiyo chai."

Nilikuwa nimeshamweleza baba kila kitu, kwa mpangilio, kuanzia magunia mpaka swali. Hakunigombeza wala hakujitetea. Baba yangu alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo linalonichosha mpaka leo. Msimu uliofuata aliagiza chai yenye vijiti, akaiweka mbele kabisa, akawaeleza wateja sababu. Walimsikiliza kwa huruma ya kweli. Mama Halima alitikisa kichwa, akasema maskini mtoto wa watu, kisha akauliza, "Sasa, bwana, wageni wangu wa Idi niwape nini?" Akavuka barabara kwenda duka la mbele. Wengine wakamfuata. Kabla mvua hazijakatika baba aliiondoa ile chai pale mbele, akarudisha iliyo safi, na hatukulizungumza tena jambo hilo mezani. Yustina, tuliambiwa, vidole vyake viliponenepa alihamishiwa shambani, akapewa kikapu.

Sasa mimi ni mzee, naishi Mbeya, na chai hunijia imefungwa ndani ya vijifuko vya karatasi, kijiti hakionekani wala mkono uliokitoa. Nimebaki na tabia ya kuuliza. Juzi nilimnunulia mjukuu wangu mpira wa miguu, umeshonwa kwa mkono, mishono midogo iliyolingana. Nilimuuliza muuzaji nani ameushona huu. Akaugeuza mpira, akatafuta, akanionyesha jina la nchi. Nikamwambia sikuuliza nchi. "Bibi," alisema kwa adabu, "mbona huu ndio mzuri kuliko yote?" Mjukuu wangu alikuwa ameshaushika. Nililipa. Tunajua kulalamika mshono ukiachia, tunajua kurudisha kitu na kudai kingine, na tunajiona wanunuzi makini. Mtu akilalamika, hasemi ni nani atakayekaa chini kurudia kazi.

Jioni niliyorudi kutoka kule mlimani niliingia jikoni kabla sijavua viatu. Chujio letu lilikuwa limening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, mahali pake pa siku zote. Lilikuwa zima, halijatoboka popote.