Pamba ya Bi Nyundo

Kitendawili! Ana mbavu arobaini na mbili, na mgongo wake anaukalia. Huna? Basi nipe mji. Ni meli ya mbao.

Saa moja asubuhi, ndani ya kiwanda kikongwe cha meli za kivita, Bi Nyundo amejikunja chini ya tumbo la meli hiyo. Ana miaka sitini na mmoja. Thelathini na minne ameimaliza hapahapa akikalafati, yaani akiziba mianya ya mbao kwa pamba. Anagonga, anasikiliza, anagonga tena.

"Ikilia 'tak', imeshiba," anasema bila kugeuka. "Ikilia 'tuk', bado ina njaa."

Meli imekaa nchi kavu miaka miwili ikitengenezwa. Keshokutwa inashushwa majini. Wakubwa wameshasema: ikiwaaibisha, banda la mbao linafungwa, wabaki mafundi wa chuma peke yao.

Leo wamekuja wageni, walimu wa ufundi. Mkuu wa kiwanda anawatembeza, kifua mbele.

"Itavuja?" anauliza mwalimu mmoja, mama wa makamo.

"Hata tone!" mkuu anadakia. "Au siyo, Bi Nyundo?"

Bi Nyundo anajifanya kutafuta patasi, nayo imo mkononi.

Mumewe, seremala wa banda hilohilo, anamwinamia. "Mama watoto, wewe shindilia pamba tu. Yaishe."

"Nishindilie? Umesahau boti ya baba yako?"

Wanacheka sasa, ila siku ile hakucheka mtu. Bi Nyundo, akiwa mkwe mgeni, alishindilia pamba mpaka basi. Boti ikaelea kavu kama kabati, akasifiwa mbele za watu. Siku ya nne mbao zikavimba, zikakosa pa kwenda, zikang'oa misumari.

"Baba mkwe hakunifokea," anakumbuka. "Tuliichomoa ile pamba mwezi mzima, yeye na mimi."

Magoti yanamuuma, lakini kustaafu hataki bado. "Mabinti watatu wameniomba niwafundishe. Banda likifungwa nitawafundishia wapi, jikoni?"

Wageni wanaelekea mlangoni. Bi Nyundo anatambaa nje, anajikung'uta vumbi.

"Mwalimu, ngoja. Mkuu, unisamehe."

Mkuu anakohoa. Bi Nyundo haangalii upande huo.

"Itavuja. Siku tatu mtapiga pampu, na watu watawacheka. Ya nne, mbao zitakuwa zimekunywa zikatosheka, zimebanana zenyewe. Hapo ndipo uje na kikombe chako, unitafutie hilo tone."