Ukurasa wa Bi Pambizo

Jina hilo tulimpachika sisi wa masjala. Ukimpelekea barua iliyochapwa na mtu mwingine, kabla hajasoma hata neno moja anatazama ule uwazi wa pembeni, halafu anakuambia pambizo la kushoto limebanwa. Unapima na rula, kweli limebanwa. Tulimcheka sana, lakini barua zetu zote zilipitia kwake.

Alikuwa katibu muhtasi wa chuo kwa miaka ishirini na minne, na sita ya mwisho alikaimu umeneja wa ofisi. Kukaimu ni kufanya kazi yote ukiwa umekalia kiti cha kuazima. Kisha ukaja waraka: cheo hicho sasa ni cha mwenye shahada. Asiye nayo aonyeshe kwamba amejisajili masomoni, la sivyo arudi kwenye meza yake ya zamani, ile ya karibu na printa. Chuo kimoja cha mtandaoni kilikuwa kinapokea maombi mpaka Ijumaa saa kumi jioni.

Mumewe, shemeji yetu, dereva mstaafu asiye na maneno mengi, alimwambia asome kama anataka kusoma, ila asisome kwa kuogopa karatasi. Dada yake akamwambia aache kujitafutia presha uzeeni. Aliwasikiliza wote wawili. Ukweli aliniambia mimi, labda kwa sababu meza zetu zimepakana.

"Nimechapa tasnifu za watu mpaka macho yameingia ndani," alisema. "Sijui kama kichwani kuna kilicho changu."

Fomu ilidai ukurasa mmoja wa maelezo binafsi: kwa nini unataka kusoma. Basi huyu mama, anayemaliza kurasa ishirini kabla ya chai ya saa nne, alikodolea macho ukurasa mweupe tangu Jumatatu. Akapanga mapambizo. Akayapanga upya. Neno halikuja.

Jumatano bintiye, aliye mwaka wa pili chuoni, akamtumia ukurasa mzima kwenye simu. Ulianza hivi: tangu utotoni nimekuwa na shauku kubwa ya elimu. Bi Pambizo akacheka mpaka akavua miwani. Sentensi hiyo alishawachapia watu wasiopungua thelathini, mkuu wetu akiwemo. Nikamshauri aipeleke hivyohivyo, kwani nani atajua? Akanitazama kama anavyotazama pambizo lililobanwa.

Ijumaa, saa nane mchana, alichukua karatasi ya rafu na kalamu, akahamia kiti cha upande wa pili wa meza yake, wanakokaa wanaoleta kazi. Akaandika, akakata, akaandika tena. Halafu akarudi upande wake, akaiegemeza karatasi kushoto kwa kompyuta kama ya mteja yeyote, na vidole vikaanza kukimbia.

Nikachungulia. Umbea sikuuanza siku hiyo. Alikuwa ameandika: "Nimesoma kazi za watu wengi nikiwa nazichapa, na mara nyingi nilikuwa na la kusema. Sikuulizwa. Nataka kusoma ili na mimi niulizwe."

Nikamwambia hayo ni makavu mno, alainishe kidogo. Lakini ana sharti lake, tunalijua sote: herufi anarekebisha, mawazo ya mtu hagusi.

"Mteja ameandika hivyo," alisema bila kuinua macho.

Akatoa nakala. Huwa anamuuliza kila mteja swali moja kabla ya kumkabidhi kazi yake. Saa tisa na nusu aliweka ule ukurasa upande wa pili wa meza, akazunguka, akaketi kwenye kiti cha wateja, akausoma mpaka mwisho.

"Ndivyo ulivyotaka kusema?" akauliza, kwa sauti ileile ya kazini.

Akaweka mikono juu ya karatasi, akajijibu mwenyewe.

"Ndivyo."

Akarudi kwenye kompyuta, akatuma. Nakala ilibaki mezani. Pambizo la kushoto lilikuwa limebanwa, tena vibaya, na hakuwa amelipima.